Mashine Mbili, Kikombe Kimoja

4 Machi

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hakuna mume duniani anayemwamkia mkewe shikamoo, lakini nisipokuamkia utaichana barua kabla ya mstari wa pili, na bibi yangu nakujua. Mimi mzima. Bado napanda mapaa ya watu kutengeneza viyoyozi, na jua la huku halina adabu. Joto likipanda kidogo tu, simu za ofisini haziachi kulia, kila mtu anataka baridi yake leo leo. Marafiki ninao tele, usiwe na wasiwasi. Mama nilimpigia, akaniambia anasahihisha madaftari huku anasinzia. Na wewe? Sare za shule wameshaanza kukuletea?

Sasa kaa vizuri. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu kwanza. Mashine mpya ya gemu inatoka!

Inatoka Septemba. Kwa sasa wameonyesha picha tu, na mimi nimeziangalia mpaka simu imechoka na mimi. Magari yake, Bibi, unaona hadi vumbi kwenye kioo. Ile barabara ya milimani tuliyokuwa tunagombania imo, wameichora upya na wameongeza ng'ombe wanaokatiza. Na kubwa kuliko yote, watu wawili wanaweza kushindana kila mmoja akiwa kwake, kwa njia ya mtandao, huku wanasikiana. Yaani nitakusikia ukinitukana kama zamani.

Maduka yameanza kupokea oda. Asiyeagiza sasa ataiona kwa jirani. Nimeagiza mbili. Yangu nitaichukua huku, yako itakuja tawi la duka hilohilo hapo kwenu, lile ghorofa lililokuwa likiuza matairi. Kuna jambo moja dogo tu, uende pale na namba ya oda niliyoandika nyuma ya karatasi hii, uweke saini kuthibitisha kwamba utaichukua. Mwisho ni mwisho wa Agosti. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine.

Ile ya zamani unaicheza? Rekodi yangu ya barabara ya milimani umeivunja? Usisahau sheria yetu iko palepale: anayeshindwa anachemsha chai.

Mumeo mtiifu


25 Machi

Mume wangu wa mbali,

Marahaba, marahaba. Barua imefika ikiwa na alama ya kiatu, nadhani kuna mtu wa posta aliikanyaga akidhani ni ya mwanamume mwingine. Sisi wazima. Mama yako amenunua miwani mpya, sasa anaona makosa mengi zaidi na wanafunzi wake wanalia. Sare zimekuja, suruali tupu, tena za watoto wanaorefuka kila wiki. Mama Sabuni jirani yetu anakusalimu, anasema kama huko hakuna sabuni useme, akutumie.

Tena umefanya vizuri kuandika. Simu ni kuulizana unanisikia, nakusikia, mpaka salio linakata. Barua haikati.

Kuhusu hiyo mashine, hongera kwa kuiona mapema. Lakini mimi nina mashine mbili tayari, moja ya kushonea na moja uliyoniachia ya kunikosesha kazi. Ya tatu ya nini? Mzoea punda hapandi farasi. Wewe chukua yako, ucheze na hao marafiki tele.

Umeniuliza habari za rekodi. Mama Sabuni amepaka rangi duka lake, limekuwa la kijani, linapendeza sana.

Umenipatia mke mwenza au bado? Ukimpata nitumie picha. Nitamkubali kwa masharti.

Mkeo


18 Aprili

Mke wangu,

Shikamoo. Nimefurahi duka la Mama Sabuni ni la kijani. Mpe hongera. Lakini mimi niliuliza rekodi, wewe ukanijibu rangi. Hiyo chenga nimeiona.

Huku salama. Nilianguka kidogo kwenye ngazi, si sana, suruali ndiyo iliyoumia. Kiraka nimekitia mwenyewe na ungekiona ungelia. Msimamizi wetu amenipa jengo lenye ghorofa nyingi na lifti mbovu, kwa hiyo nimepata miguu ya mwanariadha.

Kuhusu mashine, acha hayo maneno ya punda. Wewe ni yule yule uliyekuwa ukinisukuma kwenye korongo halafu unasema samahani, mkono uliteleza. Jumapili nilichemsha chai, nikanywa, nikaosha kikombe changu nikakirudisha kwenye msumari wake, nikakaa kuangalia tena zile picha. Wameonyesha gari jekundu kama lako. Nikajikuta nacheka peke yangu. Nenda kasaini, mke wangu. Ni kuweka saini tu.

Halafu mwandiko wako umekuwaje? Herufi zimelala kama zimenyeshewa. Una haraka gani?

Mumeo


24 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Umeuliza mwandiko, basi leo nimepata karani. Mimi nasema, Mama Sabuni anaandika, maana suruali zimenijaa hadi kitandani. Pole na ngazi. Kiraka usikiguse tena, kirudishe kwangu.

Sote wazima. Mama yako alipata mafua, yameondoka.

Sasa nami nikuulize. Kila barua unaniambia una marafiki tele. Mbona hakuna hata mmoja mwenye jina la utani? Katika ukoo huu mtu akikaa nasi siku tatu ameshapewa jina. Hao wako wanaitwaje? Na tena umesema uliosha kikombe ukakirudisha kwenye msumari wake. Mtu mwenye marafiki tele ana kikombe kimoja?

Jibu hayo kwanza, ya mashine tutayaona.

Mkeo

(Ni mimi Mama Sabuni, mwanangu, hujambo? Kuna jambo nilitaka kuongeza hapa, lakini bibi yako amenikodolea macho.)


12 Julai

Kwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika maneno ya hasira, nachana, naanza upya. Hii ni ya nne, nitaituma hivyohivyo.

Duka limenitumia ujumbe. Oda ya huko haijathibitishwa. Tangu Machi, Bibi. Duka liko hatua chache kutoka kwenye soko la vitambaa unapokwenda kila wiki. Kila ninapokuuliza unanipa habari za rangi, za mafua, za suruali, halafu unanigeuzia swali. Rekodi hutaji. Mashine ya zamani hutaji. Sasa hata kuniandikia kwa mkono wako umeacha, unamwachia jirani.

Mimi si mtoto. Kama umechoka kucheza na mimi, niambie tu umechoka. Nilidhani unaisubiri kama ninavyoisubiri mimi. Nilikuwa nakuona kabisa umekaa kwenye kile kigoda chako, umeivaa ile miwani ya kushonea, unaniambia pisha. Kama nilijidanganya, nitaomba radhi, nafasi wapewe wengine, na tutaendelea kuandikiana habari za mafua.

Mjukuu wako


26 Julai

Mume wangu,

Sitakuita mjukuu hata ukinuna mwaka mzima. Marahaba. Leo naandika mwenyewe, kwa hiyo utausamehe mwandiko. Mstari mmoja naandika, mmoja naupumzisha mkono. Nyumbani wazima wote, basi, hizo ndizo salamu. Tuingie ndani.

Nani kakwambia nimechoka kucheza na wewe? Kidole gumba changu cha kulia hakikunjiki.

Kilianza kama mzaha, baada ya sare za mwaka jana. Asubuhi kigumu, mchana kinalegea. Halafu kikawa hakilegei. Daktari amekibonyeza mpaka nikamwita jina ambalo sitaliandika, akasema kiungo kimelika kwa mkasi wa miaka yote hii, nikipumzishe. Kushona nashona, kitambaa nakiongoza kwa vidole vingine. Mkasi nimemwachia Mama Sabuni, anakata suruali kama anakata miche ya sabuni, lakini tunasonga. Ila gemu ni kidole gumba, wewe unajua. Kitufe cha mafuta ukikiachia tu, gari linasimama. Nilijaribu kwa kidole cha shahada, gari likawa linatembea kama linatafuta sindano iliyoanguka. Hiyo mashine yako nimeifunika kitambaa tangu Januari, na kila nikipita naangalia pembeni.

Utasema mficha maradhi kifo humuumbua. Najua, nilikuimbia mimi mwenyewe ulipoficha jino. Lakini niliogopa, mume wangu. Mimi na wewe hatukuwa watu wa kukaa tukazungumza. Tulikuwa tunashindana, na mazungumzo yanapita katikati. Nikasema moyoni, siku akijua sichezi tena ataniandikia nini? Ataniuliza presha. Wazee wote wanaulizwa presha. Mimi sitaki mume wangu aniulize presha, nataka aniulize rekodi.

Basi umejua. Hiyo nafasi wape wenye vidole. Usinikasirikie.

Mkeo, ukipenda bado


7 Agosti

Mke wangu, tena wa pekee,

Shikamoo, na samahani kwa barua ile. Nimeisoma yako nimesimama kwenye ngazi za posta, watu wananipita, mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeolewa.

Presha sikuulizi. Ikipanda, ipande kwa kisirani chako mwenyewe.

Uliniuliza maswali mawili mwezi wa tano nami nikayaruka, maana chenga nimefundishwa na wewe. Leo nayajibu. Kikombe ni kimoja. Na hao marafiki hawana majina ya utani kwa sababu hawapo.

Mafundi wenzangu tunapanda gari moja asubuhi, jioni kila mtu anashuka kwake. Chumba changu kiko kwenye korido yenye milango mingi, na majirani nawajua kwa viatu vyao tu. Mmoja ana mabuti meupe ya mpira, mmoja ana raba nyekundu, mzee wa mwisho kule ana kandambili zenye kamba iliyofungwa kwa waya. Tunapishana, tunaitikiana salamu, milango inafungwa. Sikutaka ujue. Siku naondoka ulinishonea shati la safari, ukasema mbele ya watu wote, huyu popote atakapokwenda hatakosa wenzake. Nikaona aibu kukuandikia kwamba nimekosa.

Niliagiza mashine mbili kwa sababu nilitaka jioni nimsikie mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Hakuna lingine. Ile yangu bila yako haina kazi, kwa hiyo nayo nitaifuta. Usijilaumu, kidole hakina kosa. Tuendelee na barua. Ukishindwa kuandika, Mama Sabuni aandike, na safari hii usimkodolee macho.

Mumeo


2 Septemba

Mume wangu wewe,

Marahaba. Yako ya kufuta mashine ilinikuta nakunja mapindo ya suruali. Nikaisoma, nikairudia, nikatoka nje nikamwambia Mama Sabuni afunge duka twende. Akauliza, msibani au harusini? Nikamwambia, twende tu, Agosti inaisha.

Wewe ulipopigiwa simu na duka ulikuwa juu ya paa, upande huo unaujua. Sasa sikia upande wa duka.

Tulikuta mstari wa vijana watupu, masikio yamezibwa kwa waya. Wakanipisha. Mmoja akanielekeza kwa heshima zote, "Bibi, wanaolipia umeme dirisha lao lile." Nikamshukuru nikabaki palepale. Nikafika kaunta, kuna binti mwenye kucha ndefu kuliko sindano zangu, nikampa namba ya oda. Akaangalia kompyuta. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena kompyuta.

"Bibi, hii si yako. Huyu kaka ameagiza kwa ajili ya mke wake."

Mume wangu, ndivyo ulivyoandika kwenye oda? Mpokeaji: Mke Wangu? Basi, kwa sababu kwenye simu yako nimeandikwa hivyo, ukachagua namba yangu na jina likaenda lilivyo! Nani mwingine duniani angefanya kosa hilo?

Nikamwambia, "Mwanangu, mke ndiye mimi."

"Bibi, tafadhali. Mwambie mke aje mwenyewe."

"Amesimama mbele yako na fimbo yake. Unataka aje mara ngapi?"

Mstari mzima ukatoa zile waya masikioni. Mama Sabuni, badala ya kunitetea kwa akili, akasema kwa sauti, "Ni kweli jamani, ndoa yao ya siku nyingi." Vicheko vikaanza. Binti anataka kucheka na hawezi, yuko kazini. Akasema utaratibu ni utaratibu, akakupigia, akaweka sauti ya nje. Akakuuliza mkeo ana umri gani. Nawe ukasema, "Dada, nikitaja umri wake nitalala nje." Hapo wengine walishika kuta. Akasema basi toa kitu ambacho mkeo peke yake anakijua. Nikakusikia unahema, nadhani ulikuwa unashuka ngazi. Ukasema, "Muulize, anayeshindwa anafanya nini?"

"Anachemsha chai!" Nilijibu kabla hajageuka kuniuliza. Wakapiga makofi hata wa dirisha la umeme. Nikasaini kwa mkono wa kushoto, saini imetoka kama njia ya mjusi, lakini imepita.

Sasa utauliza, Bibi, umesaini na kidole kilekile, utachezaje? Hata mimi sikujua. Nilikwenda kwa sababu wewe una kikombe kimoja, basi. Nikasema ikibidi nitakuwa nashindwa kila siku, lakini utanisikia.

Nikarudi nyumbani kumalizia mapindo yangu. Nikakaa, nikasogeza kitambaa, mguu ukaanza kazi wenyewe bila kuambiwa. Nikausimamisha, nikauangalia. Mguu huu unakanyaga cherehani tangu kabla mama yako hajazaliwa, na haujawahi kuomba likizo hata siku moja. Tangu lini mafuta ya gari yakakanyagwa kwa kidole cha mkono?

Nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Redio, yule anayetengeneza redio na pasi hapo nyuma ya kanisa. Nilimbebea pedi ya mashine ya zamani, ile ya vitufe inayoshikwa mkononi, na kikanyagio cha lile cherehani la umeme la utotoni mwako, lililoungua mota. Nikamwambia, nataka nikikanyaga hapa, gari liondoke kule. Akasema kitufe hakina uchawi, kinakutanisha nyaya mbili tu, na kikanyagio nacho ni hivyo hivyo. Akafungua pedi, akachomelea nyaya zake, akazipitisha chini ya meza. Usukani nauendesha kwa mkono wa kushoto, na kwa mguu nakanyaga.

Mara ya kwanza nilikanyaga kama nashona turubai, gari likaruka moja kwa moja hadi korongoni. Mara ya pili likanisikia. Fundi Redio hakuondoka mpaka jua lilipozama, na redio za watu zimelala dukani kwake.

Kwa hiyo ole wako ukiifuta. Tarehe ikifika nitaichukua yangu, na Fundi ameshanoa bisibisi.

Umeuliza tena rekodi yako ya barabara ya milimani? Hukuuliza? Basi nikwambie kwamba Mama Sabuni amepaka duka lake rangi upya. Safari hii jekundu.

Mkeo halali, kwa saini


29 Septemba

Mke wangu mkatili,

Shikamoo, ingawa baada ya yale uliyonitendea ilibidi uniamkie wewe. Mimi mzima, isipokuwa heshima yangu.

Nilikuwa kwenye mstari dukani kabla hawajafungua. Nimebeba lile boksi kifuani, kwenye lifti mtu akataka kunisaidia nikamkatalia. Kuunganisha kwenyewe, fundi mzima wa viyoyozi, waya mmoja nauchomeka kinyume. Halafu nikasubiri Jumamosi tuliyopatana. Nimevaa vile vya kusikilizia masikioni, kimya. Nikajua mtandao wa kwenu umegoma. Nikajua umebadili mawazo. Ndipo nikasikia, kri, kri, kri. Kikanyagio. Mlio niliolala nao utoto wangu wote, umenifikia huku. Nikafumba macho kusikiliza, hata shikamoo nikaisahau.

Wewe ukasema, "Mbona kimya, umeanza kuogopa?"

Sitaeleza mashindano, uliyaona. Nitasema tu kwamba kwenye kona ya ng'ombe ulinisukuma makusudi, na kwamba mtu wa umri wako hatakiwi kupiga kelele "Pisha, nina suruali za watu!" kwenye barabara ya milimani. Nilikuwa nimeshavua vile vya masikioni, nimeiachia sauti kwenye runinga ili nikusikie vizuri. Ukuta wangu ni mwembamba. Ulipovuka mstari ukaanza kunitukania uendeshaji, mlango ukagongwa.

Kufungua, ni mabuti meupe. Jamaa ananiuliza, "Ndugu, kwema? Nani anakufokea hivyo?"

Nikajibu bila kufikiri, "Mke wangu."

Akachungulia kwenye runinga, akasikia unavyocheka. Akaita korido nzima. Raba nyekundu akaja, anafanya kazi ya kuchapa mabango. Mzee wa kandambili akaja na kiti chake kabisa, akakaa mbele yetu sote. Walikuuliza maswali, uliwajibu, ukamwambia mzee akusaidie kunifundisha kona. Wakataka turudie. Tukarudia, ukanipiga tena.

Ikabaki sheria. Nimeshindwa, lazima nichemshe chai. Nikasimama na kile kisufuria changu cha kikombe kimoja, nimeduwaa, naona haya. Gambuti, ndiyo, tumeshampa jina, akaondoka akarudi na kikombe chake. Raba naye. Mzee Kandambili alileta viwili, akasema cha pili ni cha akiba, ukiwa na wageni. Nilichemsha, nikamimina, nikachemsha tena, mpaka gesi ikaanza kukohoa. Walipoondoka nilikaa kitandani nikatazama viti walivyokuja navyo, vimebaki havijapangwa. Sikuvipanga, Bibi. Nilifurahi mno.

Wanauliza Jumamosi ni saa ngapi.

Mumeo aliyeshindwa


11 Oktoba

Mume wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako alikuja kutazama mara moja, sasa anataka zamu, nimemwambia amalize kusahihisha kwanza. Fundi Redio ameletewa pedi nyingine tatu na watu wa mtaani, wote wanataka vikanyagio, hata wenye vidole vizima. Kidole changu hakijakunjika, na daktari anasema hakitakunjika tena. Iliniuma aliposema. Kisha nikakumbuka ni Ijumaa, kesho yake nina mashindano.

Msalimie Gambuti. Msalimie Raba, mwambie afunge vizuri kamba za viatu, nilimsikia akijikwaa. Mzee Kandambili mpe shikamoo yangu na umwambie mimi ni mke wa mtu. Sasa naamini kwamba hao wapo, maana wana majina.

Nimesoma pale ulipochemsha chai ukachemsha tena. Siku ukipata barua hii, ukitoka kazini upite sokoni ununue sufuria kubwa. Mimi sina mpango wa kushindwa.

Mkeo